Chakula Kisichohitaji Jokofu

Kazi yangu ni kutengeneza majokofu ya chanjo. Zahanati ikitoa taarifa kwamba jokofu lake halipoozi, nafunga sanduku la vifaa, nachukua posho ya safari, napanda basi. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Zikipata joto zinaharibika, na nyingine zikiganda zinaharibika vilevile. Kwa hiyo miaka mingi nimeishi nikiamini kwamba baridi ndiyo mlinzi wa kila kitu, na kwamba pasipo baridi chakula ni cha kuliwa leo au kutupwa kesho. Imani hiyo ilitikiswa na sahani moja ya bati kule Mirongo, katikati ya jiji la Mwanza, na hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo jioni ya leo.

Nianze na jinsi sisi watu wa safari za kikazi tunavyokula, maana hapo ndipo kosa linapoanzia. Unafika mjini jioni, umechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Unaulizia chumba chenye maji na chandarua. Chini ya chumba kuna mgahawa, na kwenye mgahawa kuna chipsi kuku, wali kuku, wali nyama, chipsi mayai. Unakula, unapanda kulala. Asubuhi supu na chapati mbili, kisha kazini. Kesho yake hivyo hivyo. Safari yangu ya kwanza Mwanza ilikuwa ya siku tisa, na usiku saba nilikula chipsi kuku. Sahani ile ile ningeikuta Morogoro, Dodoma au Mtwara. Niliporudi nyumbani Tanga mke wangu akaniuliza, "Huko Mwanza wanakula nini?" Nikamjibu, "Samaki." Akaniuliza, "Samaki gani, na wanampikaje?" Nikakosa la kusema.

Safari ya pili bawaba ya mlango wa jokofu ilikuwa imekatika, nikaelekezwa kwa mafundi wa kuchomelea upande wa Mirongo. Kwa msikilizaji asiyepajua: Mirongo ni kata ya katikati ya jiji, na ni jina la mto pia. Mto Mirongo unashuka kutoka vilimani, unakatiza jijini, unapita nyuma ya nyumba, maduka na gereji, hadi Ziwa Victoria. Mvua zikiwa kubwa hujaa ghafla na kuwanyima usingizi walio kando yake. Kiangazi hubaki kijito chembamba kilichobeba taka za watu wengi, na inaniuma kuuona hivyo, kwa sababu kila kinachopita pale kinaishia kwenye maji yale yale tunayovua samaki. Juu ya mabonde na paa za nyumba yamesimama yale majabali ya Mwanza, moja limepanda juu ya jingine kana kwamba kuna mtu aliyapanga.

Fundi wa kuchomelea aliniambia bawaba itachukua saa nzima, basi nikaketi kwenye benchi la mama ntilie jirani. Dereva wetu alikuwa amenifundisha salamu ya Kisukuma, nikaitumia. "Mwangaluka, mama." Alicheka kwa furaha, akajibu, "Mwangaluka, baba," kisha akahamia kwenye Kiswahili. "Karibu, mwanangu. Kuna supu ya kichwa cha sangara, na chapati zinatoka sasa hivi."

Msikilizaji, kichwa cha sangara si cha kuliwa haraka. Kimechemshwa chukuchuku, yaani bila mafuta, kwa chumvi, nyanya na kitunguu, na kinaletwa kikiwa kizima ndani ya bakuli, kimejaa hadi ukingoni. Unaanza na mashavu, ambayo ndiyo minofu laini kuliko yote. Unakuja kwenye ule uteute wa pembeni mwa jicho, unaonata midomoni. Kisha unakamua ndimu na kunywa mchuzi. Mimi ni mtu wa pwani, nimekulia kwenye samaki, lakini nilikuwa sijawahi kunywa supu nzito namna ile isiyo na tone la nazi.

Nilikuwa namalizia nilipoona pembeni ya jiko sufuria dogo limefunikwa kwa kipande cha kanga. Yule mama alikuwa akichovya mkono humo, anatafuna, anaendelea kusukuma chapati.

"Hayo ni nini, mama?"

"Haya? Matobolwa."

"Niwekee na mimi."

Akasita. "Haya si ya mgeni, mwanangu. Haya ni yetu wenyewe."

Hakusema kwa uchoyo. Alisema kwa heshima, kama mtu anayekuzuia usikae kwenye kiti kibovu. Ilibidi nimwombe mara ya pili, nikamwambia nimechoka na chakula cha wageni. Ndipo akafuta sahani ya bati, akaniwekea vipande vya rangi ya kahawia vilivyokunjamana, na konzi ya karanga za kukaanga, na kikombe cha chai. Kipande cha kwanza kilikuwa kigumu kidogo kwenye meno, halafu kikalegea, halafu utamu ukaanza kutoka polepole, utamu wa karibu na tende. Nikauliza ni ya lini. Akahesabu kwa vidole. Yalikuwa na miezi minne.

Miezi minne, bila umeme, bila barafu! Mimi niliyekuwa natoka kuhangaika na jokofu la mamilioni lililoshindwa kutunza kitu siku tatu.

Nikaomba anieleze, akanieleza huku akipika. Viazi vitamu vikivunwa kwa wingi huko vijijini Usukumani, kiangazi kinapoingia, haviwezi kukaa. Viazi vibichi vinaoza, vinaota, vinaliwa na wadudu. Kwa hiyo hutengenezwa kwa njia mbili. Vinavyochemshwa kwanza, vikakatwa vipande na kuanikwa, hivyo ndivyo matobolwa. Vinavyoachwa vinyauke, vikamenywa, vikakatwa vibichi na kuanikwa, hiyo ni michembe. Matobolwa unaweza kuyatafuna hivi hivi njiani au shambani. Michembe inachemshwa, na huliwa kwa karanga au kwa maziwa ya mgando. Na pa kuanikia? Akaelekeza kisu kwenye majabali. Jabali linashika joto la jua mchana kutwa, liko juu, upepo unalipiga, na kuku hawafiki kirahisi.

Tangu siku hiyo siyaoni tena yale majabali kama zamani. Wageni tunayapiga picha, na Jiwe la Bismarck limeingia kwenye kila kalenda. Lakini kwa mama wa Kisukuma mwamba ni uchaga wa kuanikia aliojaliwa bure.

Niruhusu nieleze jambo hili kwa lugha ya kazi yangu, maana linanifurahisha sana. Kinachoozesha chakula ni vijidudu, na vijidudu havizaliani bila maji. Jokofu linavipunguzia kasi kwa baridi, lakini haliviui, na linadai umeme kila saa, mchana na usiku. Ukikatika, hesabu inaanza upya. Jua linafanya kazi tofauti: linaondoa maji yenyewe. Likishamaliza kazi yake kwa siku chache, halidai tena kitu ila sehemu kavu na mfuniko mzuri. Waliogundua kwamba kiazi kikichemshwa kwanza ndipo kikaanikwa kinabaki kitamu na laini walikuwa wanafanya kazi ninayofanya mimi, tena katika nchi ambayo mvua ikikosea mwaka mmoja, chakula kilichokaushwa ndicho kinachovusha watoto.

Ukishaijua siri hiyo, unaanza kuiona kila mahali kwenye vyungu vya Mwanza. Kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo hupikwa na karanga za kusaga wakati bustani zote zimekauka. Kuna udaga, muhogo uliomenywa, ukavundikwa mpaka ukaota ukungu, ukaparuliwa, ukaanikwa na kusagwa, ili sumu yake ipungue na unga ukae. Ugali wake ni wa kuvutika, una harufu yake, na mtu wa kwetu anayekula sembe nyeupe humchukua siku mbili kuuzoea. Mimi siku ya tatu niliutafuta. Na karanga! Nilikuwa najiuliza watu hawa wasio na mnazi wanatia nini kwenye mboga. Karanga ndiyo nazi yao.

Halafu kuna dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri na za jua, na dagaa huzifuata. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo bei ya kitoweo cha watu wengi inafuata mwezi, na mama ntilie wa Mirongo anaweza kukuambia mwezi uko wapi bila kutazama juu. Kwa uzito, dagaa ndiye samaki anayevuliwa kwa wingi kuliko mwingine yeyote katika ziwa lile lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800. Zamani wengi waliwaanika mchangani, ndiyo maana ulisikia watu wakilalamika mchanga mdomoni. Siku hizi wanaoanika kwenye vichanja wameongezeka, na tofauti unaijua kwenye tonge la kwanza.

Sasa nije kwa sangara, kwa sababu habari yake ndiyo iliyogeuza meza ya Mwanza. Sangara si mwenyeji. Aliletwa katika Ziwa Victoria kwenye miaka ya 1950, na hata sato wa leo, yule tunayemwita sato wa Mwanza kwa fahari, aliletwa miaka hiyo hiyo. Wenyeji walikuwa ngege, ningu, kambale, kamongo, na furu wadogo wadogo wa mamia ya aina. Sangara aliongezeka ghafla kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, akawamaliza furu wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakihesabu furu kwenye Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walishuhudia aina baada ya aina zikitoweka kwenye nyavu zao.

Na sangara alileta taabu ambayo fundi wa majokofu anaielewa haraka. Ana mafuta mengi na mwili mkubwa. Furu na dagaa unawaanika juani wanakauka. Sangara ukimwanika hivyo anaoza kabla hajakauka. Alidai moshi, na moshi unadai kuni, na miti ya kando ya ziwa ilikatwa. Alidai chumvi: hao ndio kayabo, sangara waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kukaushwa, ambao utawaona pale soko la Mwaloni, Kirumba, wakipangwa kwa marobota kwenda Kongo. Na mwisho alidai barafu. Kwenye miaka ya 1990 vilijengwa viwanda vya kuchuna minofu, minofu ikapoozwa na kupelekwa Ulaya. Jokofu ndilo lililomtoa sangara mezani kwa watu wa Mwanza. Wao walibakiwa na kichwa, mgongo na mkia.

Hayo ndiyo mapanki. Jina hilo lilitoka nje ya nchi kupitia filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu biashara ya sangara, Darwin's Nightmare, na watu wengi wa Mwanza walioiona iliwachoma moyo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani. Sitaki kuamua ugomvi huo redioni. Ninachosema ni kile ninachokiona kwenye mabenchi: aibu ilibaki. Mtu anaweza kukukaribisha minofu ya kukaanga, lakini mapanki atakuambia hakuna, hata kama harufu yake iko puani mwako. Na ukweli ni kwamba mapanki mabichi, yaliyokaangwa vizuri siku ile ile, yana minofu mitamu kando ya mfupa kuliko ile iliyopanda ndege. Yule mama wa Mirongo ananiwekea siku hizi bila kusita, na anachagua la upande wa shingoni.

Nilidhani aibu hii ni ya mjini. Kisha nikatumwa Ukerewe, kile kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio ni saa tatu hivi. Zahanati niliyokwenda imezungukwa na maji, na njia nzima nilipishana na watu waliobeba samaki. Mchana muuguzi na mumewe wakanikaribisha kwao. Walikuwa wamechinja kuku na kupika wali. Kuku wao wa pekee, nilimwona asubuhi akitembea uani! Nilikula kwa shukrani zote, maana mtu akikuchinjia haijuzu kuuliza. Jioni tumeketi nje nikamwambia mume wake, "Shemeji, kesho nisipikiwe kitu. Nitakula mnachokula." Akanitazama. "Sisi kesho ni ugali wa muhogo na samaki tu, shemeji. Hicho ni chakula cha kila siku."

Hapo nikaelewa yule mama alichomaanisha. Si kwamba wanakidharau chakula chao. Ni kwamba kwao heshima ya mgeni ni kumtoa kwenye kila siku. Mwenyeji anakupa kisicho chake kwa sababu anakupenda, na wewe unaondoka hujamjua. Mzee Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe, alilijua jambo hili. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na ikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, haioni haya kueleza kwa kirefu jinsi chakula cha kila siku kinavyolimwa, kinavyopikwa na kinavyoandaliwa mbele ya watu. Aliogopa visije vikasahaulika.

Kesho yake nilikula ugali wa muhogo na ningu, samaki ambaye hata Mwanza mjini humpati kila siku. Ana miiba mingi, inabidi mle kimya. Tulikula kimya, watu wanne, sinia moja, na ndicho chakula ninachokikumbuka kuliko vyote nilivyokula kazini.

Vitu vingine vinapita na hatuvioni vikipita. Pale Kigongo, enzi za kivuko, tukisubiri kuvuka kwenda Busisi na Sengerema, foleni ya magari ndiyo ilikuwa mgahawa. Ulikula sato wa kukaanga dirishani, machungwa, mayai, karanga. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilizinduliwa, kilomita 3 hivi, na sasa unapita kwa dakika chache. Ni jambo jema mno, nimeshawahi kukwama pale na chanjo kwenye kisanduku cha barafu nikiangalia saa. Lakini siku hizi nikifika ng'ambo nasimamisha gari makusudi, nanunua samaki, maana wale kina mama waliokuwa wakituuzia kwenye foleni bado wana watoto wa kusomesha.

Msikilizaji mwenye hofu ya tumbo, nimekusikia. Nami sili ovyo. Kazi yangu ni joto na baridi, kwa hiyo naangalia jambo moja: chakula kinachotoka jikoni kikiwa kinachemka ni salama kuliko kilichokaa vuguvugu kwenye kabati la kioo la hoteli tangu saa nne asubuhi. Naangalia maji ya kunawa yanatiririka au yamekaa kwenye beseni. Naangalia foleni, maana benchi lenye wabeba mizigo na makondakta halilazi chakula. Mto Mirongo ukiwa umejaa na kuna tangazo la kipindupindu, nakula cha moto tu na kachumbari naiacha.

Kwa wenye hoteli za Mwanza nina ombi. Kwenye kadi zenu za chakula mmeandika piza na spageti. Wekeni matobolwa na chai asubuhi. Wekeni nsansa ya karanga. Andikeni udaga kwa jina lake. Mgeni hawezi kuagiza asichokisoma, na mhudumu wenu, ambaye mama yake anaanika michembe kila mwaka, anaona haya kukitaja kwa kuwa nyinyi hamjakiandika. Na kwenu wenzangu wa posho: fedha ile tunapewa ili tuishi mahali tulipotumwa. Ulizeni kilichofunikwa ni nini.

Mwezi uliopita nilikuwa Mirongo tena. Bawaba ile ile, jokofu jingine. Yule mama sasa hanipi supu kabla hajanipa habari za nyumbani kwake. Siku ile aligeuza mazungumzo akaniuliza mimi: "Na nyie huko baharini, mnakausha nini?" Nikamwambia tunapasua papa, tunamtia chumvi, tunamwanika hadi anakuwa kama ubao, tunamwita ng'onda, na nyumba anamopikwa unaijua tangu barabarani. Akauliza anapikwaje, nikamweleza nazi na bamia. Akafikiri kidogo. "Atakubali karanga?"

Sikujua. Kwa hiyo leo, kwenye sanduku langu la vifaa, chini ya geji na mrija wa gesi, kuna vipande vitatu vya papa ng'onda vilivyofungwa kwa gazeti na kukazwa kwa kamba. Mke wangu ndiye aliyevichagua sokoni. Basi langu linaondoka saa kumi na moja alfajiri.